Kiwambo cha sauti kwenye bastola za mfukoni: shajara ya vipimo

Jumamosi, 25 Januari 2025

Vibali vya shemeji vimetoka, vyote viwili: kiwambo cha sauti (bomba linalofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza mlio) cha bastola ya .22 na kingine cha 9mm, namba hizo zikiwa unene wa risasi. Alijaza fomu kwa mtandao wiki mbili zilizopita, akapeleka alama za vidole na picha, akalipa dola 200 kwa kila kimoja. Kodi hiyo ya dola 200 imewekwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 na haijaguswa tangu hapo. Wakati huo fedha hizo zilikuwa kubwa kuliko bei ya kiwambo chenyewe mara kadhaa. Ilikusudiwa mtu aghairi.

Mradi ni wake, vipimo ni vyangu. Mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti, makanisani na kwenye harusi za Watanzania na Wakenya huku Texas, kwa hiyo akaniona ndiye mwenye maikrofoni. Swali lake ni moja. Masikio yake yanalia nyenje. Miaka ya nyuma alipiga shabaha bila kinga, ujana, na sasa usiku kukiwa kimya anasikia nyenje ambao hawapo. Anataka kujua: akifunga kiwambo kwenye bastola zake ndogo, anaweza kuvua vizibo vya masikio?

Nimemwambia nitampa namba, si maoni.

Sheria tuliyokubaliana: hatutengenezi wala hatubadilishi chochote. Viwambo ni vya kiwandani, vina namba, vimesajiliwa kwa jina lake, na havitoki bila yeye kuwepo. Hapa kukutwa na kiwambo kisichosajiliwa ni kesi ya shirikisho ya hadi miaka 10 jela. Maana yake ratiba yangu yote inategemea zamu zake za kazini.

Jumamosi, 8 Februari

Uwanja wa shabaha wa binafsi, nje kidogo ya Fort Worth. Nyuma kuna kingo ya udongo, juu ya meza kuna paa la mabati. Farasi wa mwenye shamba wako mbali, wametuzoea.

Bastola ya kwanza ni Beretta 21A Bobcat ya .22, ile yenye mtutu uliochongwa kiwandani hesi za kufungia kiwambo. Inaingia kwenye kiganja ikapotea. Ina jambo moja ninalolipenda: mtutu una bawaba mbele, unainuka upande wa nyuma kama mdomo wa samaki, unaweka risasi moja kwa mkono bila kuvuta slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukipiga. Na ina jambo moja la ajabu: haina kile kidude cha kuchomoa ganda. Gesi yenyewe ndiyo inayolisukuma ganda nje. Hili litatusumbua baadaye.

Kiwambo ni kirefu kuliko bastola. Sina namna nyingine ya kulisema. Ukiishika unaona bomba limeshika bastola, si bastola imeshika bomba. Kijino cha kulengea cha mbele ni kifupi, kiwambo kina unene wa inchi moja, kwa hiyo ukilenga unachoona ni bomba jeusi tu. Shemeji alikosa karatasi mara mbili kwa hatua kumi. Tukacheka.

Vipimo: nimeshindwa. Nilitumia programu ya simu ili tuanze kwa haraka. Bila kiwambo, desibeli 104. Na kiwambo, 101. Shemeji akaniangalia kama mtu aliyenunua desibeli tatu kwa dola 200. Lakini sikio lake na langu, hata chini ya kinga, vilisikia tofauti kubwa mno.

Nyumbani nikafungua rekodi. Mawimbi yamekatwa kichwa kama nywele za kuruta. Ni kosa ambalo ningemfokea kijana wangu wa mitambo: maikrofoni ya simu imefika mwisho wa uwezo wake katika hali zote mbili, ikaandika ukuta. Mlio wa bastola unapanda hadi kileleni kwa mikrosekunde chache (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), simu inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani moja kila mikrosekunde 21. Kilele kinapita katikati ya sampuli mbili kama panya chini ya mlango.

Video zote za watu wanaopima kwa simu, sasa nazitazama kwa huruma.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekodi maikrofoni ya vipimo ya robo inchi, nimeleta rekoda yangu ya kHz 192, na kifaa cha kusahihishia kinachotoa sauti ya desibeli 114. Sampuli moja kila mikrosekunde 5. Maabara kubwa zinakwenda mbali zaidi ya hapo, lakini kwa kulinganisha hali mbili kwa chombo kilekile, inatosha.

Mahali pa maikrofoni nimefuata kanuni ya jeshi la Marekani, MIL-STD-1474D: mita moja kushoto kwa mdomo wa mtutu, pembe ya nyuzi 90, kimo cha mita 1.6 kutoka ardhini. Nimeitoa nje ya paa.

Tumepiga mafungu ya risasi saba, na risasi ya kwanza ya kila fungu nimeiandika peke yake. Baina ya mafungu tunasubiri.

Bila kiwambo: inazunguka 158. Na kiwambo, risasi ya pili hadi ya saba: 119 hadi 121. Risasi ya kwanza: 126.

Kwa asiyezoea desibeli: 158 ni shinikizo la karibu paskali 1,600. 120 ni paskali 20. Imepungua mara 80. Hapo ndipo dola zake zilipokwenda, na simu ilikuwa imezila.

Ile ya kwanza ina sababu yake. Bomba likiwa limekaa, ndani kuna hewa, na hewa ina oksijeni. Baruti ya .22 kwenye mtutu mfupi hivi haiwahi kuungua yote kabla risasi haijatoka, kwa hiyo mabaki yanaingia bombani yakiwa moto, yanakutana na oksijeni, yanawaka tena. Risasi ya pili inakuta moshi tu. Ukisubiri vya kutosha hewa inarudi na mlio wa kwanza unarudi nao.

Nieleze pia kwa nini bastola ndogo ni shida kuliko bunduki ndefu ya risasi ileile. Chomoa valvu ya tairi la lori lililojaa, halafu chomoa ya tairi lililokwisha nusu. Mtutu mrefu unaipa gesi nafasi ya kutanuka na kupoa kabla ya kutoka. Huu wa Bobcat unafungua tairi likiwa limejaa. Kiwambo kilekile kikifungwa kwenye bunduki ya .22 kinapewa kazi ya nusu siku. Hapa kinapewa zamu mbili.

Sasa kilichonifurahisha. Tumeweka kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, mbele. Boksi la risasi za kasi linasema mita 376 kwa sekunde. Hiyo ni kwenye bunduki. Kwenye Bobcat tumepata kati ya 285 na 294. Leo nyuzi joto ni 12, sauti inakwenda kama mita 338 kwa sekunde. Yaani risasi iliyoandikwa “kasi” haikaribii hata kuivuka sauti, hivyo hakuna ule mpasuko wa mjeledi angani. Shemeji alikuwa amenunua maboksi manne ya risasi maalumu za polepole kwa bei ya juu. Mtutu mfupi ulikuwa tayari umezifanya zote za polepole, bure.

Tena hizo za polepole zinapiga 255 hadi 262 hapa, na bila kiwambo hazina nguvu ya kurudisha slaidi. Katika magazini tatu, ganda limekwama mara tano. Hapo ndipo kukosa kidude cha kuchomoa kunapouma: ganda limebaki chemba, unainua mtutu, unaling’oa kwa kucha. Tulipofunga kiwambo, limekwama mara moja tu. Bomba linashikilia gesi, gesi inarudi nyuma, inasukuma ganda kwa nguvu zaidi. Sikutegemea kifaa cha kunyamazisha kiwe ndicho kinachotibu ukwamaji.

Gharama yake ni uso wako. Gesi hiyohiyo inayorudi inakupata machoni na puani. Risasi nyingi za .22 ni madini ya risasi yasiyo na koti nene la shaba, moshi wake una madini hayo ndani. Nimeleta miwani iliyoziba pembeni, na sheria mpya: hakuna kula maandazi kabla ya kunawa.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki nzima baridi. Asubuhi hii nyuzi 3. Vidole havisikii.

Leo zamu ya Glock 43 ya 9mm, mtutu wake wa kiwandani ni kama milimita 86, ameiwekea mtutu wa ziada wenye hesi. Naandika lililotokea kwanza kabla ya namba, kwa sababu lingeweza kuwa shajara ya aina nyingine.

Viwambo vyote viwili vilikuwa mezani. Vyote vyeusi. Hesi za .22 na za 9mm ni zilezile: nusu inchi, meno 28 kwa inchi. Shemeji, mikono imekufa ganzi, akachukua bomba, akaanza kulizungusha kwenye Glock. Likaingia vizuri kabisa, kama limezaliwa hapo. Mimi nilikuwa nimeinamia rekoda. Nikainua kichwa kwa sababu bomba lilionekana jembamba.

Tundu la kiwambo cha .22 ni dogo kuliko risasi ya 9mm. Ingepita kwa kupasua kila kitu kilichomo ndani, na bomba lingefumuka sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake. Hesi haikukataa. Hakuna kitu kilichokataa. Tulikaa dakika kumi bila kupiga. Sasa kiwambo cha .22 kina mkanda mwekundu wa fundi umeme, na kinabaki kwenye begi lake, na begi linabaki garini siku ya 9mm.

Tukaendelea. Kiwambo sahihi, tukapitisha kifimbo cha shaba kuona kama tundu limenyooka na mtutu. Sawa. Risasi ya kwanza, pa, halafu kimya. Slaidi haikujirudia. Ukivuta kwa mkono ganda linatoka, risasi mpya inaingia, unapiga, tena kimya. Imegeuka bastola ya risasi moja moja.

Sababu ni umbile. Bobcat mtutu wake haulegei ukipigwa, slaidi inarudi peke yake. Glock mtutu wake unarudi kidogo na slaidi halafu unainama ndipo viachane. Ukiutundikia uzito mbele, hauinami. Dawa yake inajulikana, kifaa cha Nielsen: pistoni na springi ndani ya kitako cha kiwambo, ili uzito wa bomba uachane kidogo na mtutu wakati mtutu unafanya kazi yake. Hiki cha shemeji kilikuja na kitako kigumu, cha bunduki ambazo mtutu wake hautikisiki. Muuzaji hakuuliza, naye hakuuliza. Ameagiza.

Lakini kwa mkono tulipiga ishirini, na kuna kitu nimekipata nisichokuwa nakitafuta. Risasi za gramu 7.5, zile za kawaida. Kasi kati ya mita 334 na 342 kwa sekunde. Kwa nyuzi 3, sauti inakwenda kama 333. Zote ishirini zimevuka, chupuchupu, na zote zimepasua mjeledi. Kwenye rekodi unaona vilima viwili: cha mdomo wa bomba, kimepunguzwa vizuri, na cha mpasuko wa risasi yenyewe angani, unaorudi kama mwangwi, ambacho kiwambo hakina mamlaka nacho. Risasi imeshaondoka nyumbani.

Nimejiandikia: rudia siku ya joto.

Jumamosi, 1 Machi

Shemeji ana zamu. Hakuna kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Kitako cha Nielsen kimefika. Bastola inafanya kazi, magazini tano bila kukwama. Bomba linaruka mbele na nyuma mkononi kama mbuzi anayevuta kamba, unazoea.

Nimeona kitu kuhusu paa. Tulipopiga tukiwa chini ya mabati, sote wawili tuliapa kwamba mlio umeongezeka. Namba ya kilele haikupanda. Kilichoongezeka ni mkia: mabati yanarudisha sauti, inakuja tena na tena kwa sehemu ya sekunde, na sikio linahesabu jumla, halihesabu kilele peke yake. Ndiyo maana mtu anaweza kukuonyesha namba nzuri iliyopimwa uwandani, ukaenda kupiga ndani ya jengo ukajiona umetapeliwa.

Jumapili, 30 Machi

Si siku ya vipimo. Mvua. Nilikuwa nasoma habari za aliyekuja na kitu hiki, nikasimama kwenye jina. Hiram Percy Maxim, Mmarekani, alipewa hataza ya kiwambo chake tarehe 30 Machi 1909. Leo imetimia miaka 116. Baba yake ni yule Hiram Maxim wa bombomu, bunduki ya mashine.

Mimi kwetu Ulanga. Bombomu hatulisomi kwenye vitabu vya silaha, tunalisoma kwenye Maji Maji. Tarehe 30 Agosti 1905, watu waliokunywa maji ya dawa waliishambulia boma ya Mahenge, na Wajerumani wakawapokea kwa bombomu. Bibi yangu alikuwa na neno lake kwa sauti ile, alilipokea kwa mama yake, na hakulitamka mbele ya watoto.

Mzee Maxim mwenyewe alikufa akiwa kiziwi. Miaka mingi ya kukaa karibu na bunduki zake. Mwanawe ndiye aliyetafuta namna ya kunyamazisha, akatumia kanuni ileile kwenye mabomba ya moshi ya injini. Silensa ya bodaboda inayopita nje ya nyumba ya mama kule Mahenge na bomba la shemeji ni watu wa ukoo mmoja. Nilimsimulia shemeji, akasema, “Kwa hiyo baba alivunja masikio, mtoto akauza dawa.” Sikuwa na la kuongeza.

Jumamosi, 10 Mei

Kusafisha. Tumepiga .22 kama mia sita. Kiwambo cha .22 kinafunguka kwa ajili hii hasa, na kilikuwa kigumu kufungua kama chupa ya asali ya mwaka juzi. Ndani ni ukoko wa kijivu, mchanganyiko wa madini ya risasi na masizi. Nilikipima kwenye mizani ya jikoni kabla na baada: kimepungua gramu 31. Mizani hiyo sasa si ya jikoni tena, mke wangu ametoa hukumu.

Glovu, barakoa, kitambaa chenye maji, hakuna kukwangua kikavu. Vumbi la madini ya risasi usilivute. Kuna watoto nyumbani, kwa hiyo kazi yote imefanyika gereji kwa shemeji.

Jumamosi, 5 Julai

Jana sheria mpya ya bajeti imetiwa saini. Ndani yake: kodi ya kiwambo inakuwa sifuri kuanzia 1 Januari 2026. Usajili, vidole na picha vinabaki. Dola 200 zilizodumu tangu 1934 zimefutwa karibu miezi sita baada ya shemeji kulipa mara mbili. Amenipigia simu mara tatu leo kunieleza jambo hilohilo.

Jumamosi, 12 Julai

Saa nane mchana, nyuzi 36. Mabati yanatoa mvuke. Risasi zilezile za gramu 7.5, boksi lilelile la Februari, Glock ileile.

Kasi: kati ya mita 336 na 345 kwa sekunde, imepanda kidogo tu kwa joto la baruti. Lakini sauti kwa nyuzi 36 inakwenda mita 353. Hakuna hata moja iliyovuka. Hakuna mjeledi. Kwenye rekodi kuna kilima kimoja. Asubuhi ya Februari risasi hii ilipasua anga mara ishirini kati ya ishirini; leo sifuri kati ya thelathini. Hatukubadilisha kitu ila mwezi wa kalenda.

Nimekaa juu ya ndoo nikatabasamu peke yangu. Shemeji aliona ni jua.

Jumamosi, 2 Agosti

Swali lenyewe. Mpaka leo nimepima mita moja kushoto kwa mdomo wa mtutu, na hakuna mtu mwenye sikio hapo. Leo maikrofoni iko kando ya sikio la kulia la shemeji, inchi sita.

Bastola ndefu au bunduki inakuweka mbali na mdomo wa bomba. Hizi ndogo hazikuweki mbali na chochote. Tena dirisha la kutolea ganda liko karibu na uso, na gesi iliyorudishwa na bomba inatokea hapohapo na mlio wake.

Bobcat, na kiwambo: 124 hadi 127. Kwenye mdomo ilikuwa 120; sikioni ni zaidi. Glock, na kiwambo: 132 hadi 134, na risasi ya kwanza imefika 137. Kikomo cha mlio wa ghafla kwa mfanyakazi hapa Marekani ni 140. Kilema cha masikio hakisubiri mstari huo, kinajumlisha.

Kwenye zile riwaya za upelelezi tulizopokezana sekondari, mtu anafyatua bastola yenye kiwambo cha sauti hotelini, inatoa “pyuu”, na mhudumu wa chumba cha pili anaendelea kutandika kitanda. Nyundo ikigonga chuma karibu na uso wako, hiyo ndiyo 130. Mhudumu angekuja mbio na shuka mkononi.

Nikamwonyesha shemeji skrini. Akauliza, “Hiyo 137 ni ya kwanza tu?”

“Ya kwanza tu.”

“Na kila nikiipumzisha inarudi kuwa ya kwanza.”

“Ndiyo.”

Akavaa vizibo vya ndani, juu yake akavaa vile vikubwa vya nje, akajaza magazini ya mwisho. Maikrofoni narudisha Jumatatu.